Dobi na Majani Yaliyopinda

Majirani walimbandika jina la Nyoosha, na jina likamkaa. Ni dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho ofisi, na hadi leo hawezi kupita karibu na kitambaa cha meza kilichojikunja bila kukipitishia kiganja.

Tangi la kioo lilikuja baada ya mkewe kupata kiharusi. Lilikuwa la mtoto wao wa kiume, samaki na mimea yake ndani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alishauri liwekwe kushoto mwa kitanda, upande ambao shingo ya mgonjwa ilikataa kugeukia. Akiwafuata samaki kwa macho, kichwa nacho kitafuata. Kikafuata kweli. Kila siku mama alimsindikiza samaki mmoja mwekundu, mwenye mkia uliochanika, na kila wiki shingo ililegea kidogo.

Nyoosha alilipenda tangi, ila majani yalimkera. Pampu ilisukuma maji juu ya mimea, majani yakalala upande yakitikisika mchana kutwa kama nguo zilizosahauliwa kambani. Siku moja akaugeuza mdomo wa pampu ukatazama kioo cha nyuma. Majani yakasimama wima. Akarudi kwenye pasi yake, roho kwatu.

Haukupita muda mwani ukaingia. Ulianza kama vumbi la kijani kwenye kona, ukapanda kioo, ukayavisha majani manyoya. Dobi aliupokea kama anavyopokea doa lolote: kwa kusugua. Akaitoa hata sponji ya chujio, akaifua kwa sabuni na maji ya moto mpaka ikarudi nyeupe. Kesho yake maji ya tangi yalifanana na wanga wa kukazia kola za mashati, na samaki wawili walikuwa wanaelea.

"Sponji umeifua kwa sabuni?" aliuliza muuza samaki wa mapambo, mwanamke asiyependa kuzungusha maneno.

"Nimeitakatisha."

"Mzee wangu, mle ndani mna vijidudu vinavyosafisha maji. Umevifua vyote. Siku nyingine suuza kwa maji ya tangi lenyewe. Na taa upunguze."

Akatii. Habari za pampu hakuulizwa, naye hakuona kama ni za kusemwa. Mwani ukaendelea kunenepa, kioo cha upande wa kitanda kikawa pazia. Mama akaacha kugeuza kichwa. Akawa anatazama dari.

"Baba, Jumamosi naleta televisheni," alisema mwanawe. "Tunaitundika ukutani, miguuni pake. Hili dimbwi litoke."

"Ikiwa miguuni hatageuza shingo."

"Kwani sasa anageuza?"

Nyoosha akaenda kutafuta kitambaa cha kufutia kioo.

Ijumaa alikuwa amepiga magoti anafuta kioo, mkewe akamwita. Tangu augue, maneno yake yalitoka moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

"Baba watoto."

"Naam, mama."

"Ile kona. Uchafu... unakaa. Hauendi."

Akatazama alikoelekezwa. Makombo ya chakula na vipande vya majani yaliyooza vilikuwa vimetulia pale chini, na mwani umevikalia.

"Zamani ulizunguka," mkewe akasema. "Ukapita... ukaingia pale kwenye chujio. Sasa umeyapiga pasi... maji."

Nyoosha akacheka, ingawa hakupenda. "Nani kakuambia nimegusa pampu?"

"Nimelala. Sijafumba macho."

"Na ukanyamaza?"

"Ulifurahi sana."

Akakunja mikono ya shati na kuugeuza mdomo wa pampu ulivyokuwa. Majani yakainama yote papo hapo. Makombo ya konani yakanyanyuka, yakazunguka, yakavutwa kwenye chujio. Jani moja pana lilikuwa limejikunja vibaya. Mkono wake ukalifuata.

"Toa mkono," mkewe akasema, bila kukatakata.

Jumamosi kijana akaja na televisheni kifuani. Tangi lilikuwa bado la kijani, isipokuwa pale baba yake alipofuta, mahali pa ukubwa wa sinia. Nyuma ya hapo samaki mwekundu alikuwa ameukuta mkondo. Ulimchukua upande mmoja wa tangi hadi wa pili, naye hakupiga hata pezi. Kichwa cha mama kikamfuata, kikamfuata, mpaka shavu likagusa mto.

Kijana alisimama mlangoni na mzigo wake.

"Shavu linafika kwenye mto tangu lini?"

"Tangu leo," baba yake akasema. "Hiyo kaiweke kule mbele. Nitaitazama nikipiga pasi."

Kijana akaenda. Nyoosha akabaki kando ya tangi, mikono yote miwili ameitia mifukoni, maana majani yalikuwa yamepinda bado.