Kitufe cha Acha

Sekondari nilimaliza, lakini somo nililolishika vizuri ni kukaa. Mji wetu, Kamina, una soko, una stesheni. Mimi nina kiti. Juu ya kiti hicho nilijifunza kuandika programu, na ya kwanza kuonekana ina faida ilikuwa ya kufuta kabisa faili zilizojirudia.

Yaya, ndivyo ninavyomwita dada yangu mkubwa, mimba ikiwa ya miezi minane, akaniletea simu ya marehemu mama. Spika ilikufa zamani, lakini mama alijirekodi humo, na alimwambia yaya kwamba jina la mtoto wake wa kwanza limo. Kwetu Baluba jina haliokotwi. Mtoto anamrudisha mtu wa ukoo aliyekwenda, na mama peke yake ndiye aliyejua ni nani.

Fundi wa simu aliyejaribu kuitengeneza alikuwa amenakili kila sauti mara tatu. Nikazihamishia zote kwenye kompyuta. "Tusafishe kwanza, halafu tusikilize," nikasema kama bwana mkubwa, nikabonyeza Anza.

Majina ya faili yakaanza kupotea. Yaya akainama.

"Weye, mbona iko inafuta zote?"

Nikaona. Simu ile ilikata kila sauti kwenye dakika moja, na programu yangu ililinganisha urefu tu. Kwake, maneno yote ya mama yalikuwa neno moja.

"Bonyeza Acha."

Akabonyeza. Akabonyeza tena na tena. "Haisikii."

Ilisikia. Kila ombi lake liliingia kwenye foleni, likangoja programu igeuke kuangalia. Ilipaswa kuchungulia baada ya kila faili. Mimi nilikuwa nimeiandikia ichungulie ikimaliza kazi.

"Inafanana na mwenyewe," yaya akasema, kidole bado kinagonga. "Tunakuita kula, unakuja sahani zimekwisha oshwa."

Halafu akaacha utani, akachomoa waya. Mtaa mzima unajua mashine yangu inaishi kwa waya. Wiki hiyo, kwa majivuno, nilikuwa nimeitia batri mpya. Ikaendelea. Kwamba ningeweza kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, nilikumbuka kesho yake nikioga.

Ikamaliza. Ikafungua foleni, ikakuta maombi ya yaya, ikaandika kwa adabu, maneno niliyoitungia mwenyewe: "Umeomba kuacha. Nimeacha."

Ilibaki sauti moja. Mama anaagiza unga wa muhogo.

Yaya akakaa kwenye mkeka, mkono tumboni. "Siku mama alisema ile jina, miye nilikuwa ku Bukama. Ni weye ulikuwa hapa."

Nilikuwapo. Mama aliongea na simu yake nyuma ya kiti hiki, kisha akaniuliza, "Umesikia?" Nikajibu, "Ndiyo, mama," bila kugeuka.

Programu nimeirekebisha, sasa inachungulia baada ya kila faili. Yaya anakuja kila asubuhi, tumbo mbele, anakaa karibu yangu.

"Ilianza na herufi gani?"

Nafumba macho, natafuta. Napata unga wa muhogo tu.