Mfalme wa Mti

Harufu ninayoikumbuka kabla ya zote ni ya moshi wa kibuyu cha maziwa, mama akikifukiza asubuhi. Nilidhani dunia nzima inanuka hivyo, mpaka nilipokutana na kitambaa cha Mwalimu Juma kilichonuka karafuu. Alikuwa mchuuzi wa shanga kutoka pwani, akikaa kwetu Nyabiyonza na kutufundisha alifu na be. Mimi niliishia hapo hapo kwenye be.

Juzi mjukuu wangu alikuwa akicheza sataranji shuleni, akaniambia inawafunza kufikiri. Mwalimu Juma naye alisema hivyo. Tukisinzia, alitandika kile kitambaa cha miraba, akapanga vipande vya mti. "Fikiri kwanza, mkono ufuate."

Alasiri moja baba alikuja kuamua kama niendelee kusoma. Mwalimu akacheza nami mbele yake. Nilifikiri sana, nikamzibia mfalme wake njia zote.

"Mfalme amekufa!" Mwalimu alicheka. "Mzee, ona akili ya mwanao!"

Kwetu hakuna aliyetamka kwamba Mukama, mfalme wetu, amekufa, hata akiwa amekufa kweli; ilikuwa hatia kubwa. Baba alisimama, nami nikadhani ni furaha.

"Nani amekufa?"

"Huyu wa mti tu, mzee wangu."

"Kumbe ndiyo mnayowafundisha. Inuka, mwanangu. Umekwisha kusoma."

Mwalimu alikunja kitambaa, akaniachia mfalme kiganjani, akashika njia ya migombani. Nilidhani anakwenda kumwita mtu wa kumsihi baba. Hakurudi.