Tofali Nililolificha Koboko

Nilipokuwa sekondari pale Ediofe, mwalimu wa hesabu aliniadhibu kwa kupiga soga darasani: nitafute namba inayogawanya 10,007 bila kubakiza. Nikajaribu mbili, tatu, tano, saba, hadi tisini na saba. Zote zilibakiza. Zaidi ya hapo hakukuwa na haja, maana 101 mara 101 inaipita, na kigawanyo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo ambaye ningeshamkuta njiani. Ile ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nilidhani nimeiacha darasani.

Mwaka jana shemeji yangu wa Koboko, mtoto wa sajini, aliniita nimhesabie matofali mabichi. Yalikuwa ya nyumba ya mama yake, mama mkwe wangu, ambaye paa lake lilikuwa limeoza. Nilihesabu siku mbili nikapata 10,008. Shetani akanigusa bega. Shemeji alipokwenda kuswali, nikatia moja kwenye begi, chini ya mashati.

"10,007," nikamwambia aliporudi. "Na huwezi kuyapanga mistari iliyo sawa."

"Shemeji, baba yangu alipanga walevi wakasimama mstari. Tofali itanikataa?"

"Itakukataa."

"Basi sichomi mpaka zikubali."

Akapanga kumi kumi, yakabaki saba. Akapanga kumi na tatu, yakabaki kumi. Mimi nilikaa barazani, nikichekea ndani ya kikombe cha chai.

"Mstari mmoja unakubali," nikamshauri. "Anzia hapa, utafika sokoni."

Siku ya tatu wingu zito lilisimama upande wa Kongo. Nililiona. Nikasema nimalize kikombe kwanza, ndipo nikiri. Mvua haikungoja kikombe. Zaidi ya nusu ya matofali yalirudi kuwa udongo.

Nikalitoa lile moja kwenye begi. Shemeji alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Ulisoma mpaka senior four ndiyo ukuje kufanya hii?"

"Ndiyo."

"Kunja suruali."

Kwetu Pajulu, mwanamume hamwoneshi mama mkwe magoti yake. Mimi nilikanyaga tope la matofali mapya wiki mbili, magoti nje na mvi kichwani, naye mama mkwe ameketi mlangoni akiwa amenipa mgongo. Hakunisemesha. Alituma maneno kwa mwanawe: "Mwambie mkwe wangu, pale pembeni bado kukavu." Sijui aliona vipi.

Nyumba ilisimama mvua zikiwa zimekwisha. Msimu mzima mama yule alihamahamisha kitanda akikwepa matone, na kila tone lilikuwa langu. Hilo silicheki.

Kabla ya hapo, siku ya kupanga matofali mapya kwenye tanuru, shemeji alinisogelea.

"Shemeji, ziko ngapi?"

"Sijahesabu."

"Vizuri," akasema, akawasha moto.