Tone Juu ya Utando wa Sumaku

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasomea digrii ya pili huko Chuo Kikuu cha Kabianga na alikuwa akilala kwetu. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Kericho mjini naenda nikiitwa na daktari. Kwa hivyo nyumba yangu naijua, na uchafu naunusa kabla haujafika.

Vipande vyake vya utafiti, vigae vidogo vilivyopakwa utando wa sumaku, alivifungia kwenye mkebe wa biskuti, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana mvua ya huku haipumziki. Vipande vilikuwa vitatu. Viwili vilishaharibika. Cha mwisho alitakiwa kukipima Alhamisi mbele ya mwalimu wake.

"Anko, sumaku ya kawaida unaigeuza na mkondo wa umeme, na mwingi unapotea kwa joto," alinieleza. "Hii ni utando mwembamba, unywele kando yake ni gogo. Naiwekea volti kidogo tu, inageuka."

"Bila kusukumwa?"

"Bila mkondo."

"Basi ina adabu kukushinda."

Alhamisi asubuhi alikiweka kipande kwenye meza ya jikoni na kudondosha juu yake tone la chumvi ya majimaji, lile la kufikisha volti kwenye utando. Mvua ikashuka, akakimbia kuanua nguo. Ndipo nikaingia. Tone lilikuwa zito, la manjano, kama kamasi, kwenye meza ninayokatia sukuma wiki. Kipande nilikitambua, nikasema mjusi wa darini amekinyea siku ya mtihani wa mtoto wetu. Nikatemea kitambaa cha vyombo mate kidogo, vile mama alivyotupangusa uso kabla ya kanisa, nikasugua mpaka kikang'aa.

"Anko, umefanya nini?" Alikuwa mlangoni, nguo mikononi.

"Nimekuokoa. Mjusi alikuwa amekinyea."

Alikichukua kipande akaenda nacho chuoni hivyo hivyo.

Jioni alinionyesha kwa simu picha ya kipande chini ya darubini. Mikwaruzo kama shamba lililolimwa. Mafuta ya juzi. Uzi wa kitambaa na punje ya ugali. Mate yangu yalikuwa yamekauka yakaacha utando wake, mnene kuliko ule wa sumaku. Na kitambaa hicho ndicho kinachopangusa kila sahani ya nyumba hii, na mpangusaji ni mimi.

"Na sumaku?"

"Nilipandisha volti, nikashusha. Mstari wa kipimo umelala tu."

"Mwalimu alisema nini?"

"Aliuliza hii ni nini. Nikamwambia ni anko wangu."

Kipimo chake kimesogezwa hadi muhula ujao, akingoja vipande vingine. Jumamosi alihamishia mkebe kwenye chumba alichokodi karibu na chuo. Nilimsindikiza nikakiona, kuta zinatoka jasho. Nikamwambia unyevu huo utamletea shida.

"Unyevu nitaupangusa mwenyewe, Anko," alisema, akafunga mlango polepole.