Uma wa Baiskeli ya Mke wa Fundi

Fundi baiskeli wa njia panda aliitwa Spana, ingawa spana ya dukani hakuwahi kuwa nayo. Vifaa vyake vyote alivitengeneza mwenyewe kwa vyuma chakavu. Cha kung'olea tairi kilikuwa mpini wa kijiko, umebanwa ncha na kupindwa kidogo. Cha kukazia spoku kilikuwa kipande cha chuma bapa chenye pengo alilolichonga kwa tupa. Fahari yake ilikuwa cha kusukumia pini za mnyororo: nati kubwa iliyokatwa mfereji, na boliti iliyonolewa hadi ikawa nyembamba kama msumari. Kilimla wiki tatu na kucha mbili. Wateja walipokisifu alijibu kwamba si kitu, kisha akawaonyesha tena.

Kwa kunyoosha ringi zilizopinda alihitaji kitu cha kushikilia gurudumu likizunguka. Hicho alikipata nyumbani, kwenye baiskeli ya mkewe. Aliung'oa uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, akaukata shingo kwa msumeno, akaukita kwenye benchi miguu juu. "Naazima siku mbili tu," alimwambia mkewe. Siku mbili hizo zilikuwa zimetimiza miaka sita.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishonea nyumbani, kwa hiyo hakuufuatilia. Alhamisi moja alikuja mwenyewe hadi kwenye benchi.

"Baba watoto, nimepata kazi kiwanda cha sare, ng'ambo ya mlima. Jumatatu, saa moja kamili wanafunga geti. Ukichelewa siku ya kwanza, hakuna siku ya pili."

"Hongera, mke wangu!"

"Hongera iweke kwanza. Baiskeli yangu iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

Spana alifikiri. Fremu ilikuwa nyuma ya mlango wa chumbani, inaanikiwa matambara. "Ipo sehemu sehemu," alisema.

Mkewe aliutazama uma uliokitwa kwenye benchi, akautazama ulipokatwa, akaondoka bila neno. Spana angependelea matusi.

Ijumaa aliutoa uma, akatia kipande cha bomba ndani ya shingo, akaunga, akagonga, akaurudisha kwenye fremu. Akauegemea kwa uzito wake wote. Ukashika. Akauegemea tena. Ukashika. Kisha akamfikiria mkewe kwenye mteremko ule wa mlima, akaung'oa.

Jumamosi alikwenda kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, muuza vyuma chakavu. Shemeji alikuwa ameketi juu ya injini iliyokufa, nyuma yake unaning'inia uma mzima, shingo yake kamili.

"Shemeji, naomba huo uma. Ni kwa ajili ya dada yako."

"Dada akija mwenyewe, nampa bure. Lakini anayeomba ni wewe."

"Basi unataka nini?"

"Ile nati yako ya mnyororo."

"Ya nini? Wewe hata baiskeli huna!"

"Nitaitazama. Miaka yote unanionyesha kwa mbali kama mtoto mchanga, utadhani nina surua."

Spana alisema atafikiria. Alifika barabarani, akafikiria, akarudi. Nati ilikuwa mfukoni tangu asubuhi, maana hakuwa mjinga kiasi cha kutojua atakachoombwa. Shemeji aliifungua boliti, akaifunga tena.

"Umeichonga kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Kumbe kazi unaijua, wewe," shemeji alisema, na hilo, kwa mtu yule, lilikuwa sifa kubwa.

Jumapili nzima Spana alifunga: gololi, grisi, breki, gurudumu. Hakuna nati aliyoikaza mara moja tu. Mkewe alikuwa akipita na ndoo, haulizi, hasaidii.

Jumatatu mkewe alibana viatu vya kazi nyuma ya kiti, akajaribu breki mara mbili, akatikisa usukani.

"Uma hautachomoka?"

"Hautachomoka."

"Hukuuunga?"

"Ni mzima. Muulize mdogo wako."

"Nikianguka nitamuuliza," alisema, akapanda, akaondoka bila kugeuka.

Spana alibaki barabarani akimtazama akipanda mlima, akipungua, akipotea kileleni. Mteremko ulikuwa upande wa pili, hauonekani. Mteja wa kwanza alifika na gurudumu lililopinda kama sahani iliyokaliwa, akamsalimia mara mbili.

"Ngoja kwanza," Spana alisema, macho mlimani. "Saa moja haijafika."