Jina la Mkunga

Mkunga wetu alizaliwa baada ya ndugu zake wote kufa wakiwa wachanga, na bibi yake, kwa kuchoka kuzika, akampa jina ambalo kwa lugha ya kwao maana yake ni "Baki". Akabaki. Alibaki akasoma, akabaki akaolewa, akabaki mjane, na mimi nilipoanza unesi katika wodi ya watoto wachanga nilimkuta amebaki pale mpaka wakubwa wa hospitali wanamwogopa. Alikuwa mwembamba, mkali wa mdomo, mpole wa mikono. Ukimkuta ameketi, basi anafuma.

Wanawake aliowazalisha, hasa wale waliokwisha kufiwa na watoto, walimwomba jina lake wawape mabinti zao. Hakumnyima mtu. Kila wajina wake alifumiwa kofia ya uzi, na sokoni mama wa watu hakuweza kuchagua vitunguu kwa amani bila kuvutwa sketi na kijukuu fulani. Tulimtania kwamba atajaza mji. Alisema mji ukijaa yeye hana ugomvi nao.

Miongoni mwa waliolichukua jina hilo alikuwa mshonaji mwenye cherehani yake karibu na lango la hospitali, yule anayetushonea sare. Alikuwa amezika watoto wawili. Wa tatu, msichana, alipolia tu mikononi mwa Mkunga, mshonaji akasema kabla hata ya kumshika, "Huyu ni wewe." Baada ya wiki chache wakarudi na mtoto midomo imeingia ubluu, kifua kinapanda na kushuka haraka mno. Daktari alisikiliza moyo, akapima, akatuambia una tundu kubwa. Upasuaji wa kuliziba haufanyiki kwetu, na mtoto hana nguvu ya kusafirishwa kwenda kunakofanyika. Tumpe oksijeni, tungoje apate nguvu. Nalichukia neno hilo, kungoja. Ndilo tunalowapa watu dawa inapoisha.

Wodi ile ina akina mama wa kila lugha, na wanaongoja huongea. Mmoja akaeleza kwamba kwao mtoto anayefuata waliokufa huitwa Jalala, ili kifo kikimwona kimdharau kipite. Mwingine akasema kwao huitwa Si Wangu, na mama husema hivyo hadharani, kisha anakwenda kumnyonyesha kwa siri. Wa tatu, mwenye mapacha, akasema kwa upande wa mumewe huitwa Mchoshi, yaani aliyekichosha kifo. Mimi sina subira na maneno hayo. Nikauliza hicho kifo kimesomea wapi lugha zote hizo. Hawakucheka, na mshonaji akanitazama vibaya hata nikatafuta kazi ya kufanya.

Kumbe yeye alikuwa anapiga hesabu zake. Asubuhi iliyofuata, Mkunga alipokuja kumtazama mtoto, mshonaji alimshika mkono. Baba mtoto, fundi bati, alisimama mlangoni asijue mikono aiweke wapi.

"Mama, nina ombi, na usinione mwendawazimu," mshonaji alisema. "Hilo jina limegawiwa watu wengi. Limekwisha, kama sabuni ya wapangaji. Na wewe mwenye nalo ndiye unayelimaliza zaidi."

"Unataka nini, mwanangu?"

"Mwachie mtoto. Usiitwe tena. Wewe umeshabaki vya kutosha, mama."

Nilitaka kumnyamazisha. Huyu ni mtu aliyemzalisha, akamfulia mashuka kwa mikono yake mwenyewe, leo anaambiwa hivyo. Lakini Mkunga alifungua beji yake ya jina kifuani, akaiweka chini ya mto wa mtoto. "Haya," akasema. "Langu limekwisha. Ni lake."

Tulipokuwa peke yetu nilimgombeza. Nikamwambia yeye ni mtaalamu, anajua tundu la moyo halisikii jina. Alinikubalia kila neno. Kisha akasema oksijeni ameshampa, dawa ameshampa, na alikuwa amesimama pale mikono mitupu, na mtu akamwomba kitu ambacho kwa mara ya kwanza alikuwa nacho.

Basi tukaanza taabu ya kumwita. Daktari alijaribu "Sista", akanuniwa, akahamia "Shangazi", na Shangazi ikashika. Tuliposahau tukamwita kwa jina, alikuwa akianza kugeuka halafu anajizuia, shingo ikikakamaa, akiendelea na kazi yake mpaka tukumbuke. Iliniuma kumwona. Na cha ajabu, mtoto alianza kunyonya. Ubluu ukapungua midomoni. Daktari akasema ni dawa mpya, labda tunaweza kuanza kufikiria safari. Mimi nisiyeamini, nikajikuta nikikaripia watu korido nzima wasimwite Mkunga kwa jina, isije ikaharibika.

Iliharibika. Saa ya kutazama wagonjwa, watu wakipita na vyakula vyao, kifua kilianza kukimbia upya. Daktari alifanya yote anayoyajua, na hayakuwa mengi. Mshonaji aliita jina. Fundi bati aliita. Kisha Mkunga akainama, akaliita jina lililokuwa lake, akaliita tena kwa Kiswahili ili sote tulielewe: baki, baki, mwanangu, baki. Wale akina mama wengine wakaacha walichokuwa wakifanya, kila mmoja akaita kwa lugha yake. Mimi nilishika mpira wa oksijeni, ingawa haukuwa na haja ya kushikwa. Hatimaye daktari akautoa mkononi mwangu.

Tulimfunga mtoto shuka nyeupe, tukampa mama yake ampakate wakati baba amekwenda kutafuta gari. Mkunga alikaa kando yake kitandani, bega kwa bega.

Muda wa chai ukafika. Mama wa jikoni alikuwa amerudi kutoka likizo siku ile na hakuna aliyemweleza lolote. Alikuja akisukuma kitoroli chake, na toka koridoni, kama alivyozoea miaka yote, akamwita Mkunga kwa jina, kwa furaha, aje achukue kikombe chake. Mkunga hakuinua uso.

Mshonaji ndiye aliyegeukia mlangoni. Alisogeza shuka kidogo usoni mwa mwanawe, akajibu kwa upole, sauti ya chini, "Amelala."