Ngano Kwenye Mchuzi wa Krismasi

Mimi ni mtu wa mdomo, sikatai. Nikianza kueleza jambo, majirani zangu wa Igogo huzima redio wanisikilize. Lakini kuna neno moja mdomo huu uligoma kulisema, na aliyelipia ni mtoto wa mdogo wangu.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, maduka yamefunguka. Sisi tuliokulia kwenye foleni, tuliopata kilo ya unga wa ngano kwa kujuana na mwenye duka, sasa tuliuona umepangwa mpaka barazani, unachagua mfuko unaoutaka. Krismasi bila chapati ikawa aibu. Muhogo, mtama na viazi, vile tulivyokula kwa sababu hakukuwa na kingine, niliapa haviingii sebuleni kwangu siku ya sikukuu. Mume wangu alikuwa ameanza kuuza vitenge, tumenunua makochi, na mimi nilitaka watu waone.

Mwaka huo mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, alivuka ziwa kutoka Kamanga na binti yake wa miaka saba. Yule mtoto alikuwa mgonjwa tangu aachishwe ziwa: tumbo kubwa, miguu myembamba, wiki anaharisha, wiki anapona. Walimtibu minyoo, wakamtibu malaria, shangazi zake wakamchanja chale. Mwishowe daktari mmoja akamwambia mama yake amwachishe kila kitu cha ngano: mkate, chapati, maandazi, biskuti, tambi. Miezi mitano tu, mtoto akanawiri. Nilipowapokea gatini nusura nisimtambue.

"Dada, hata kidogo," mdogo wangu aliniambia kabla hajakaa. "Hata kisu kilichokata mkate nakiosha kwanza."

Nikamwambia sawa, nimesikia. Moyoni nilisema mtoto anadekezwa. Ugonjwa gani huo unaoletwa na chapati, chakula ambacho sisi tulikuwa tunakiota? Na kweli nilikasirika, maana kila kilichomfaa yule mtoto ndicho nilichokuwa nakikimbia.

Asubuhi ya Krismasi mdogo wangu alitaka kubaki ampikie mwanawe. Nikakataa. Mgeni wangu akose ibada kwa ajili ya jiko langu, mama mkwe akifika kutoka Mara atasemaje? "Nenda kanisani," nikamwambia. "Huniamini mimi, dada yako?" Hilo ndilo lililomtoa jikoni. Akafunga kilemba, akamshika mtoto mkono, wakaenda.

Nikapika. Chapati za wageni nilizifunika peke yake, mbali na vyakula vingine. Mtoto nilimsongea ugali wa muhogo, nikachemsha ndizi. Mchuzi wa sato ungekuwa wa wote, mzito kwa karanga kama mama yetu alivyoupika. Karanga nikazibandika nizikaange. Jirani akapita nje, nikatoka kumsalimia, salamu ikazaa habari, na niliporudi zilikuwa nyeusi kama mkaa. Maduka yamefungwa. Kwenye sufuria mchuzi ulikuwa maji matupu, na mama mkwe alishawahi kusema mbele ya watu kwamba kwangu mchuzi ni wa kunawia mikono.

Nikachukua vijiko viwili vya ngano, nikavikoroga kwenye maji baridi, nikamimina. Sikusahau. Watu wengine hukosea kwa kusahau. Mimi nilikumbuka kabisa, nikajiambia vijiko viwili kwenye sufuria la watu kumi na wawili havimdhuru mtu.

Wakati wa kupakua mtoto alinifuata na sahani yake mpaka nilipokuwa nimesimama. Mama yake alikuwa amemfundisha kuuliza.

"Mama mkubwa, huu mchuzi una ngano?"

Mama mkwe alikuwa hatua mbili kutoka pale, ameshaonja, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hauna, mwanangu. Kula."

Akasema asante, akala. Akaomba aongezewe, nikamwongezea.

Jioni ile ile tumbo likaanza kumkata. Kesho yake alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, kinachomtoka ni maji tu, mama yake anamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Nguo zake nilizifua mimi, bila kuombwa. Mdogo wangu akanishukuru. Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku ya tatu mtoto akapata nguvu ya kukaa. Mama yake akamuuliza kama alikula chapati. Akasema hapana. Andazi je, alipewa na nani? Hapana. Akasema alikula alichopewa na mama mkubwa, tena aliuliza kwanza.

Nilikuwa mlangoni na beseni la nguo. Mdogo wangu akanitazama, na wala halikuwa jicho la shaka. Aliniomba radhi kwa macho, kwa kuona haya. Kwetu mtoto hamsemi mkubwa, sembuse mama yake mkubwa, tena ndani ya nyumba yake. Akavua kandambili akamchapa, mtoto ambaye hata nguvu ya kulia hakuwa nayo.

"Umeiba chapati, halafu unamsingizia mama yako mkubwa!"

Nilipaswa kusema neno moja tu: kweli. Badala yake nikasema, "Basi, mwache, ni mtoto." Nikaonekana mwema.

Siku waliyoondoka mtoto aliniamkia shikamoo huku anatazama kivuko. Nikaitika marahaba, nikarudi nyumbani kwa miguu njia nzima.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilichukua mwaka, na mwaka huo nilijichukia. Nilianza barua mara mbili, mara mbili nikaichana. Krismasi iliyofuata nikawaita tena. Unga wa ngano wote niliugawa kwa majirani, nikasugua masufuria kwa mchanga, nikapika siku mbili: ugali wa muhogo na mtama, sato wa kuchoma, mchuzi wa karanga ambao sikuuacha hata nilipoitwa nje mara tatu, wali, ndizi, viazi vitamu, na vitumbua vya mchele mahali pa chapati. Mume wangu aliuliza kama tumefilisika. Mama mkwe alitaka kujua kama hii ni sikukuu au ni mwaka wa njaa. Nikaendelea kupakua.

Mtoto alipokea sahani kwa mikono miwili, akasema asante, akaiweka magotini. Safari hii hakuuliza kitu, na hakula. Tulifika nusu ya chakula, sahani yake iko vilevile, mchuzi umeanza kuganda juu.

"Kula," mama yake akamwambia kwa sauti ya chini. "Mama mkubwa amepika haya yote kwa ajili yako."

Akatikisa kichwa.

"Kula, unanitia aibu."

Machozi yakaanza kumtoka kimya kimya. Mama yake akamshika mkono amtoe nje, na mimi nilijua kinachomsubiri huko nje.

"Mwache," nikasema. "Mwaka jana niliweka ngano kwenye mchuzi. Aliniuliza, nikamwambia hauna."

Watu wakaacha kutafuna. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Mwaka mzima nilikuwa nimeyatunga matusi ya mdogo wangu kichwani, na majibu yangu pia. Hakunitukana. Hata kunigeukia hakunigeukia. Alipiga magoti pale pale kwenye zulia, mtu mzima mbele ya mwanawe, akamshika mashavu.

"Nilikuchapa bure, mama," akamwambia. "Nisamehe."

Mtoto akajifuta kamasi kwa kiganja.

"Nilikuambia," akasema.